Baiskeli Tupu za Chanterolles

Alunguli, 14 Machi 1977

Mpwa wangu Amuri,

Amani iwe nawe huko kwenye baridi. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kulia na jogoo wa jirani, ambaye amepofuka jicho moja na sasa anawika saa za adhuhuri. Jirani mwenyewe ni yule mwalimu Célestin. Siku hizi tunamwita Citoyen Okito, maana majina ya kizungu yamekatazwa, lakini mke wake akikasirika bado anamwita Célestin, na hapo mtaa wote unajua kwamba leo nyumba ile haina amani.

Barua yako ya rambirambi ilifika. Niliisoma barazani, kisha nikaisoma tena ndani. Umeandika vizuri kuhusu mke wangu Mwavita. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akikufichia ukoko wa wali chini ya sahani ili watoto wengine wasiuone. Nimefurahi kwamba wewe unakumbuka. Arobaini imepita, dua imesomwa, watu walikula wakatosheka, isipokuwa Citoyen Okito, ambaye hajawahi kutosheka.

Limebaki jambo la sanduku. Unajua desturi ya wakwe zangu kule njia ya Kailo: mke akifa, mume mwenyewe huwarudishia ndugu za mke vitu vyake, amevipakia kwenye baiskeli, kinga yake mwenyewe, hatumi mtu. Wakishavipokea ndipo msiba unafungwa na nyumba yao inaweza kupiga ngoma tena. Sanduku liko tayari. Nimeweka vitenge vyake, ushungi, mkasi wa kushonea na ile sufuria ndogo ya chai. Dada yake mkubwa, shemeji Aziza, ananingoja. Binti yake Hawa ameposwa na kijana mmoja anayefanya kazi ya treni, na harusi haiwezi kufanywa mpaka sanduku lifike. Aziza ananitumia salamu kwa kila anayepita. Mwanzoni zilikuwa salamu tu. Sasa zinakuja na maneno.

Ningekwenda, lakini kinga yangu, baiskeli ile ile nyeusi unayoijua, gurudumu la mbele halishiki upepo. Kilichoharibika ni kile kimpira chembamba cha kwenye valvu. Nimevuka mto mpaka Kasuku, nimezunguka maduka yote, hakuna. Ukikiona huko Ufaransa nitumie ndani ya bahasha. Si haraka.

Mjomba wako,
Waziri


Chanterolles, 2 Mei 1977

Mjomba wangu,

Nakuamkia kwa heshima, nikikupa pole ya goti, na ya jogoo pia. Mimi mzima. Masomo ya misitu yanaendelea: asubuhi tunasoma darasani kuhusu miti, mchana tunatoka nje kuitazama kama imesoma kitabu kile kile. Watu wanasema baridi imekwisha. Mimi bado navaa makoti mawili.

Nakaa kwa mama mmoja mzee, mjane, jina lake Émilienne. (Huko angeambiwa alibadilishe.) Kila asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri, halafu anaondoka kabla sijajibu. Supu yake ni nzuri. Nyuma ya nyumba ana banda kubwa lenye kufuli. Nilimuuliza ndani kuna nini, akasema kuna giza, akaniongezea supu.

Sasa nikueleze jambo la ajabu. Hapa kuna chama cha baiskeli. Si chama kama kile chetu; hiki mtu akikataa kuingia hakuna anayemfuata nyumbani. Kila Jumapili wanakutana mbele ya kanisa, watu wazima, wengine na mvi, wanapanda baiskeli. Mjomba, barabara za hapa zina lami laini kama meza. Wao hawaitaki. Wanafungua ramani na kutafuta njia za changarawe kwa makusudi. Wanabishana ipi ina mawe zaidi, wakiipata wanafurahi. Wanapita kando ya mfereji wa maji, wanapanda vilima katikati ya ng'ombe weupe, wanaingia msituni mahali ambapo matrekta yamechimba mashimo, wanateremka wakitetemeka mpaka meno. Saa sita wanakaa kwenye majani, wanakula mkate na jibini, wanasifia mawe. Halafu wanarudi pale pale walipoanzia.

Nilimuuliza rais wao, ambaye ni mwuza dawa: «Mnakwenda wapi?» Akafikiri sana. Akasema: «Tunarudi.»

Na hawabebi kitu, hata mkungu mmoja wa ndizi. Wengi wameondoa hata portbagaji, kile chuma cha nyuma cha kufungia mzigo, wanasema ni uzito wa bure.

Mimi ninakwenda nao. Naendesha vizuri sana, wananisifu. Nimekuwekea picha tuliyopiga Jumapili ya Pasaka, mimi ni yule mweusi, hutapata shida. Vimpira vya valvu nimeviweka ndani ya karatasi, usivitupe pamoja nayo. Sasa shemeji Aziza hatakuwa na maneno.

Mpwa wako,
Amuri


Alunguli, 26 Juni 1977

Mpwa wangu Amuri,

Salamu nyingi, na za mtaa mzima. Mvua imekwisha, mto umeshuka, na mitumbwi inakwama mchangani upande wa Kasuku, abiria wanashuka kusukuma huku wakimtukana mwenye mtumbwi. Barua yako imechelewa. Wanasema ni treni, na wanasema kuna mambo huko kusini, nami sisemi kitu. Ile sentensi yako kuhusu vyama ilifika imeloa maji na haikusomeka. Naomba za namna hiyo ziendelee kuloa.

Amuri, tumeiona picha. Niliitoa kwenye bahasha nikiwa barazani pamoja na Citoyen Okito, na wote wawili tulisimama.

Mwanangu, aliyekufa huko ni nani?

Inawezekana umesahau ya kwetu, uliondoka mdogo. Mtu anayetumwa kupeleka habari ya kifo hupewa kinga tupu. Haruhusiwi kufunga hata kikapu. Watu wa njiani wakiiona kwa mbali haina mzigo, wanasimama, wanavua kofia, hawamuulizi kitu, wanampisha. Kinga moja tupu ni msiba wa nyumba moja. Kwenye picha yako nimehesabu kinga tupu nikaacha kuhesabu. Citoyen Okito anasema msafara kama huo ni wa chifu, si chini ya hapo. Mke wake akasema labda ni maaskofu, wengi kwa mara moja. Nikatazama nyuso zao: zimekunjamana, zina vumbi, hakuna anayecheka. Na wewe umesimama pembeni, mtoto mwenye adabu, umeshika kinga yako.

Naona hukutaka kunipa habari ya kifo wakati mimi mwenyewe nina kifo nyumbani. Ndiyo sababu ukazunguka na maneno ya changarawe. Asante, lakini haikufaa. Imamu amewasomea dua baada ya sala ya Ijumaa, wafu wa Chanterolles, kwa jumla, kwa kuwa majina hatuyajui. Tafadhali wasomee wenyeji wako maneno haya yafuatayo:

«Ndugu wa Chanterolles. Mimi Waziri wa Alunguli, mfiwa kama ninyi, nimeona mnavyopita kwenye mawe bila mzigo. Poleni. Huku tumesimama. Mwenye nyumba iliyofiwa asijione yuko peke yake njiani.»

Ukiwa kwenye changarawe, legeza mikono, kaa nyuma kidogo, na usishike breki ya mbele hata ukiwa na hofu. Mwavita alikuwa akinisaidia. Akiwa amekaa nyuma yangu hakuwa anaona njia, mgongo wangu ulimziba, lakini kila mara alisema: «Iko jiwe kushoto.» Mara nyingi hapakuwa na jiwe. Nilipinda tu.

Vimpira vya valvu vimefika salama, Mungu akubariki. Upepo sasa unakaa. Kwa bahati mbaya cheni imeanza kuruka.

Mjomba wako,
Waziri


Chanterolles, 21 Agosti 1977

Mjomba wangu,

Ramadhani njema. Mama Émilienne ameambiwa kwamba sili mchana, ameitikia vizuri, na kila saa sita ananiletea supu ili aone kama bado. Kwa siku hizi jua la hapa halina haraka ya kuzama. Naomba dua zenu.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza na nilicheka mpaka nikalala chini. Hakuna chifu aliyekufa, mjomba. Wanapanda baiskeli tupu kwa raha tu. Wanakunja nyuso kwa sababu ya mlima. Jioni nikamsomea Mama Émilienne kwa Kifaransa, nikijua naye atacheka.

Hakucheka. Aliniomba nirudie pale uliposema «huku tumesimama». Kisha akauliza: «Mjomba wako alijuaje?»

Ndipo nikaambiwa. Msafara wa Jumapili ulianzishwa na mume wake. Alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, njia zile za changarawe alizijua zote. Alifariki miaka miwili iliyopita. Wenzake waliendelea kila Jumapili, wanapita mbele ya nyumba hii, na tangu siku ya mazishi hakuna aliyesimama. Si kwa ubaya. Waliona haya, hawakujua waseme nini, kwa hiyo wakaongeza mwendo. Yeye alikuwa akisikia changarawe zikilia chini ya magurudumu, anafunga dirisha.

Kesho yake alichukua ufunguo. Kwenye lile banda kuna baiskeli ya mume wake imening'inia, imefungwa kwenye shuka. Ina portbagaji, mjomba. Nzito, ya chuma, kama ya huko kwetu.

Jumapili akasimama katikati ya njia na barua yako mkononi. Msafara wote ukalazimika kufunga breki, na wawili walishika ya mbele, wakaanguka. Akawasomea tafsiri niliyomwandikia kwa Kifaransa. Rais alivua kofia yake akatazama chini. Mama akawaambia kuanzia leo hataki baiskeli tupu mlangoni kwake. Anayepita apite na mzigo, au azunguke kwa lami.

Mjomba, sasa ukiwaona utafurahi. Rais alipita na vitunguu majani vimefungwa kwenye usukani. Mwingine alibeba kuku hai, ambaye alitoroka kwenye mteremko na kufika kabla yetu. Mwalimu wa hesabu alibeba jiwe, akasema ni mzigo pia. Mama alimrudisha.

Sasa nikuulize kwa adabu. Cheni hairuki kwenye baiskeli iliyoegemea ukuta. Citoyen Okito amenitumia kadi, karibu yote ni habari za jogoo, lakini mstari wa mwisho anasema kinga yako imefunikwa gunia tangu Machi na kuku wamekwisha kuhamia juu yake. Harusi ya Hawa iliwekwa baada ya Idi. Kuna nini?

Mpwa wako,
Amuri


Alunguli, 9 Oktoba 1977

Mpwa wangu Amuri,

Idi ilikuwa njema, tulikula mchele mpya, na Citoyen Okito alikuja kula ingawa si Idi yake. Nikamtazama sana, hakuelewa. Jioni mke wake alimwita Célestin kwa sauti kubwa, nami nikaona haki imetendeka.

Mwambie Mama Émilienne kwamba sikujua kitu. Nilikosea tu. Lakini kama kosa limefungua kufuli, basi lipite.

Umeniuliza kuhusu kinga, nami naomba tuanze na yako. Ile picha imebandikwa ukutani mbele ya kitanda changu, nimepata nafasi ya kuitazama. Umeshika kinga yako kutoka upande wa cheni. Mtu aliyezoea hasimami upande huo, unachafua nguo, na kweli suruali yako ina mafuta. Wenzako wote wamefunga suruali kwenye kifundo cha mguu, yako imeachwa wazi na imechanika gotini. Na tandiko linakufika kifuani.

Nikakumbuka. Mimi sikukufundisha kuendesha. Ulikuwa unakaa mbele kwenye bomba, Mwavita nyuma, mimi katikati. Tulikwenda hivyo mpaka ulipopelekwa shule ya mbali, na miguu yako ilikuwa inakaribia kugusa ardhi, na Mwavita alikataa ushuke. Alisema mtoto huyu ana muda wa kutosha wa kuchoka. Kwa hiyo usiniandikie kwamba wanakusifu.

Sasa nitakwambia ya kwangu, kwa sababu ya kwako nimeyasema.

Unakumbuka kile kitambaa cha sherehe ambacho kila nyumba ilipewa, chenye sura ambayo sitaitaja. Watu walishona mashati. Mwavita alishona mto mdogo, akaujaza pamba ya msufi, sura ikageuzwa ndani asiione mtu, akaufunga kwenye portbagaji kwa kamba za mpira. Alikaa juu yake miaka yote iliyofuata. Mto uko pale pale mpaka leo. Una bonde katikati.

Mwezi wa tatu, baada ya arobaini, nilibeba sanduku ili nilipakie. Mpira wa mbele haukuwa na upepo, hilo ni kweli, lakini pampu ilikuwa mkononi mwa Citoyen Okito na valvu ingeweza kufungwa kwa uzi. Niliweka sanduku juu ya mto. Nikaliondoa. Nikasema nitaondoa mto kwanza. Kamba zile amezifunga yeye, ana fundo lake. Nikafunika gunia. Bila mzigo siwezi kutoka, watu watasimama njiani na kuuliza nani amekufa tena. Na mzigo nao sijui niuweke wapi.

Aziza amekuja yeye mwenyewe, kwa lori la mchele. Alikaa hapa tangu asubuhi mpaka lori liliporudi. Ndugu wa bwana harusi wamechoka, wanasema kuna binti mwingine mjini, tena msiba wao wameumaliza kwa wakati. Wakifika mwezi wa kwanza bila sanduku, uchumba umevunjika. Hawa analia. Nilimwambia Aziza alichukue sanduku kwenye lori, liko pale mlangoni. Akanitazama kama nilivyomtazama Citoyen Okito siku ya Idi. Akasema: «Shemeji, sikuja kuchukua sanduku. Nilikuja kuona kama uko mugonjwa. Kumbe uko muzima.» Akapanda lori.

Usimwambie Mama Émilienne mambo haya.

Mjomba wako,
Waziri


Chanterolles, 6 Novemba 1977

Mjomba wangu,

Salamu na mikono yangu miwili juu. Nimemwambia Mama Émilienne. Nisamehe, aliniona nikisoma.

Ni kweli, sijui kuendesha. Kila Jumapili nilikuwa nikisukuma baiskeli ya chuo mpaka kona ya kwanza, nakaa kwenye ukuta wa makaburi, narudi nao wakirudi. Siku ya picha nilijaribu mteremko. Suruali ndiyo hiyo.

Baada ya barua yako Mama alivaa viatu vyake vya mpira, akashusha tandiko la baiskeli ya marehemu, akanipeleka kwenye njia ya changarawe kando ya mfereji. Mwanamke wa umri ule, mjomba, anakimbia nyuma yangu ameshika tandiko na kunifokea. Ng'ombe walikuja kwenye ua kutazama. Niliingia kwenye upupu wao wa huku, siku nyingine nikaingia kwenye mfereji, na rais akapita na vitunguu vyake akasema naendelea vizuri. Juzi niligeuka kumwambia Mama asiniachie, nikamkuta yuko mbali sana, amekaa kwenye kisiki anamenya chungwa. Nikaanguka papo hapo, lakini ule mwendo kabla ya kugeuka ulikuwa wangu.

Anasema siku ya kwanza kuitoa baiskeli bandani hakuweza kuipakia kitu cha maana. Aliweka mkate mmoja akatembea nayo mpaka kwenye duka la mkate ulikotoka. Watu walimshangaa.

Nina wazo moja, nalo ni langu, usimlaumu yeye. Mto ni kitu chake Mwavita. Ulipaswa kuwa ndani ya sanduku tangu mwanzo, pamoja na mkasi. Kama fundo halifunguki, huo mkasi unao. Uweke ndani urudi kwao na vitu vingine. Hapo portbagaji itabaki chuma tu, na sanduku litakaa.

Wewe ulinipa la breki, mimi nakupa hilo.

Mpwa wako,
Amuri


Alunguli, 8 Januari 1978

Mpwa wangu Amuri,

Mwaka mpya ukukute umesimama, au umeanguka mahali laini. Goti langu ni zima kuliko lilivyokuwa. Jogoo amekufa. Citoyen Okito alitualika tumle, alikuwa mgumu kama valvu, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiacha chakula.

Nimefika kwa Aziza. Nakueleza yote.

Fundo sikulikata. Nilikaa nalo tangu sala ya alfajiri mpaka jua likafika barazani, likafunguka. Nikauweka mto ndani ya sanduku juu ya vitenge, nikafunga sanduku kwenye portbagaji, nikatoka kabla kuku hawajarudi. Njia ya Kailo imekauka vizuri, lakini wamemwaga changarawe mpya kwenye miteremko, kubwa kama mayai ya bata, wakaziacha hivyo hivyo. Ningependa watu wa Chanterolles wangeiona. Wangelia kwa furaha.

Nilikwenda vizuri mpaka mteremko baada ya daraja la magogo. Nyuma yangu palikuwa kimya, sanduku halisemi. Nilikuwa nasikiliza ule ukimya badala ya kutazama njia, na kushoto kulikuwa na jiwe. Nilishika breki ya mbele. Usimwambie mtu.

Mimi nilitua kwenye majani. Sanduku lilitua kwenye njia na kufunguka. Ilikuwa Jumamosi, watu wa kijiji walikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, wanafyeka kando ya barabara, na katibu wa Chama amesimama kivulini kuona wanafyeka. Wanawake wakaacha majembe wakaja kuokota vitenge, wengine hata vitenge ambavyo havikudondoka walivitoa kuvitazama. Na mto, Amuri, ulibingirika mpaka kwenye viatu vya katibu. Mshono ulikuwa umepasuka. Pamba ikatoka, na ile sura ikatoka nayo, inatutazama.

Katibu aliuokota. Akauliza: «Citoyen, hiki ni kitu gani?»

Nikasema ni mto.

«Wa kukalia?»

Mwanangu, uongo haukuja. Nikasema ulikuwa wa marehemu mke wangu, kitambaa hiki alikipenda, hakutaka jua likipaushe wala vumbi likiguse, ndiyo sababu akakiweka ndani kabisa, kwenye pamba. Yote hayo ni kweli. Jua hakulitaka.

Katibu alifikiri. Aliugeuza huku na huku. Mwishowe akavua kofia yake akasema: «Mke wako alikuwa mwanachama wa kweli.» Akaamuru mama mmoja alete sindano, wakaushona pale pale, sura ndani kama mwanzo, na salongo yote ikasimama kungoja. Halafu wanaume wakanifungia sanduku, na katibu akanisukuma kilima chote kinachofuata kwa mikono yake. Mwavita angecheka mpaka ashike mti.

Nilipofika Aziza alikuwa akipepeta mchele uani. Hakusimama.

«Umechelewa, shemeji.»

«Nimechelewa.»

«Na umeanguka.»

«Nimeanguka.»

«Mulikuwa munaanguka wawili, sasa unaanguka peke yako. Karibu.»

Wazee waliitwa, sanduku likafunguliwa mbele yao, kila kitu kikatajwa kwa sauti kama desturi inavyotaka. Vitenge, wakaitikia. Ushungi, mkasi, sufuria ya chai, wakaitikia. Ulipofika mto, Aziza alisimamisha mambo. Akauinua, akaona lile bonde katikati, akaweka mkono wake ndani ya bonde. Kisha akasema: «Hii si kitu cha Mwavita. Hii ni kitu cha kinga.» Akanirudishia. Mzee mmoja alisema haijawahi kutokea kitu kurudishwa. Aziza akamuuliza kama yeye ndiye atakayerudi mjini amekalia chuma. Ngoma ikapigwa jioni ile. Hawa alikuwa wa kwanza kucheza.

Asubuhi niliufunga mto kwenye portbagaji na kuaga. Mlangoni ndipo nikaona ninarudi bila mzigo, njia nzima watasimama. Nikamwomba Aziza hata mkungu wa ndizi. Akasema ndizi zake ni za harusi. Akaingia ndani, akatoka na kapu kichwani na viatu mkononi, akakaa juu ya mto.

«Ninakwenda Kasuku kununua masufuria,» akasema. «Twende, jua linapanda.»

Amuri, Aziza si mwepesi. Kinga ililia. Lakini tulikwenda. Watu wa njiani walitusalimu wakiwa wamekaa, hakuna aliyevua kofia, na wale wa salongo walitupigia makofi. Tukaanza kupanda ule mteremko wa karibu na daraja la magogo. Nilikuwa nimeinama, pumzi imeniisha, na nyuma yangu nikasikia, sauti ile ile ya nyumba yao, mtu asiyeona kitu isipokuwa mgongo wangu:

«Iko jiwe kushoto.»

Nilitazama. Hapakuwa na jiwe.

Nikapinda.

Harusi ni baada ya mavuno. Mwambie Mama Émilienne kwamba habari ya mkate wake tumeisikia na tumesimama tena. Siku ukiweza kumpakia, mpakie, na yeye akikwambia kuna jiwe, usibishane naye.

Mjomba wako,
Waziri